Mama akiuliza kuhusu chanjo ajibiwe, asifokewe

Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto na foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nilikuwa muuguzi katika kituo kimoja cha afya upande wa chini wa Embu, kule ambako mashamba ya chai na kahawa hukoma, ikaanza nchi kavu ya mtama, ndengu na muguka. Mama mmoja kijana alinipa kadi ya mtoto wake wa miezi tisa. Nilipokuwa nikivuta dawa ya kuzuia ukambi kwenye bomba la sindano, aliniuliza kwa sauti ya chini: "Sista, hii haitamdhuru mtoto? Nimesikia watu wakisema."

Nilikuwa nimechoka. Nilimjibu mbele ya wenzake: "Watu gani? Wao wamesomea udaktari? Kama hutaki, mpishe anayetaka." Akina mama kadhaa walicheka. Yule mama alichukua kadi yake, akamfunga mtoto mgongoni na kwenda zake. Nami nikamwita aliyemfuata.

Tulikutana tena baada ya mwaka mmoja hivi, sokoni, akiuza ndengu. Mtoto alikuwa ameugua ukambi. Alipona, lakini sikio lake moja lilikuwa likitoka usaha, na mama alikuwa amegundua kwamba akiitwa kutoka upande huo haitiki. Nilipomwuliza kwa nini hakurudi kituoni alinijibu bila hasira yoyote: "Mimi sikukataa chanjo, sista. Niliuliza tu."

Nimestaafu sasa, lakini jibu hilo sijalisahau. Kosa lilikuwa langu, si la kituo wala la mama. Ndiyo maana nasikitika kila nisikiapo viongozi wetu wa afya wakizungumza juu ya "wanaopinga chanjo" kana kwamba hao wote ni kundi moja la watu wakaidi. Hapana shaka wapo wanaokataa katakata, lakini ni wachache. Walio wengi ni watu wenye swali ambalo hawajapata wa kuwajibu kwa heshima. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliitaja kusitasita kuhusu chanjo mwaka wa 2019 kuwa miongoni mwa mambo kumi yanayotishia afya ya binadamu kote ulimwenguni. Neno walilochagua ni kusitasita, si kukataa. Mtu anayesitasita hajafunga mlango. Anayeufunga, mara nyingi, ni sisi wahudumu.

Wasiofika

Kwanza inafaa tuwaondoe katika hesabu hii wale ambao hawasitisiti hata kidogo ila hawakupata huduma. Mama anayetembea kutoka bondeni hadi zahanati na kuambiwa "dawa imekwisha, rudi juma lijalo" si mpinzani wa chanjo. Mwaka wa 2017 mgomo wa wauguzi uliendelea kwa takriban miezi mitano, kuanzia Juni hadi Novemba, na watoto wengi wakapitwa na tarehe zao. Mwaka wa 2025 nchi ilikumbwa na uhaba wa chanjo ya kifua kikuu na ile ya polio. Serikali kuu na zile za kaunti haziwezi kumlaumu mzazi kwa kadi yenye mapengo ilhali friji ya zahanati ilikuwa tupu.

Jambo hili lina uhusiano na mazungumzo yetu. Mama aliyerudishwa nyumbani mara mbili bila chanjo huanza kujiuliza kama jambo hilo ni la muhimu kama alivyoambiwa. Akisikia uvumi siku ya tatu, atakuwa na sababu ya kuusikiliza.

Hofu

Wanaositasita kweli hofu yao hutoka wapi? Wataalamu wengi hujibu haraka: ujinga. Mimi sikubaliani nao. Chukua mfano wa pepopunda, kisa ambacho watu wa Embu na Meru wanakijua vyema.

Mwaka wa 2013 na 2014 Wizara ya Afya, ikisaidiwa na WHO na UNICEF, iliendesha kampeni ya kuwadunga wanawake wa umri wa miaka 14 hadi 49 chanjo ya pepopunda katika wilaya zilizochaguliwa. Maaskofu wa Kanisa Katoliki wakauliza maswali. Kwa nini wanawake pekee? Kwa nini wa umri wa kuzaa? Kwa nini wilaya hizi na si zile? Mnamo Novemba 2014 walitoa taarifa wakidai kwamba dawa hiyo ilikuwa imetiwa homoni ya mimba ili kuwafanya wanawake wasizae. Mmoja wa waliotia sahihi alikuwa Askofu Paul Kariuki Njiru wa Embu, aliyekuwa mwenyekiti wa tume ya afya ya Kanisa hilo nchini. Kwa hivyo huku kwetu habari hiyo haikuja kama uvumi wa mtaani, bali ilihusu mchungaji ambaye waumini walimfahamu kwa jina na sura.

Serikali, WHO na UNICEF walikanusha madai hayo. Ilielezwa kwamba mitambo iliyotumiwa kupima ilikuwa ya kuchunguza damu na mkojo wa binadamu, na kwamba haifai kupima dawa ya chanjo. Mabishano yakaingia bungeni, magazetini na redioni, na kila upande ukashikilia lake.

Lakini hebu msomaji ayatazame tena maswali yale matatu. Yalikuwa maswali ya haki, na yana majibu ambayo muuguzi yeyote angeweza kuyatoa kwa dakika moja. Vijidudu vya pepopunda huishi katika udongo na samadi. Kitovu cha mtoto kikikatwa kwa wembe au kisu kisicho safi, au kikipakwa kitu kichafu, vijidudu huingia. Baada ya siku chache mtoto hushindwa kunyonya, taya hukaza, mwili hukakamaa, na wengi hufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Mtoto huyo hawezi kukingwa kwa kudungwa yeye, kwani ugonjwa humfikia kabla kinga haijapata nafasi ya kujengeka. Hukingwa kwa kumchanja mama, ambaye kinga yake humfikia mtoto akiwa bado tumboni. Ndiyo sababu walilengwa wanawake, na wa umri wa kuzaa. Na zilichaguliwa sehemu ambako hatari ya watoto wachanga kupata ugonjwa huo ilionekana kuwa kubwa zaidi.

Je, ni akina mama wangapi walioelezwa hayo kabla ya kushikwa mkono na kudungwa? Wengi wa wale niliozungumza nao baadaye walisema waliambiwa tu, "Ni chanjo ya wanawake, panga laini." Pahali pasipo na maelezo, mtu hujitungia yake. Kenya ilitangazwa mwaka wa 2018 kuwa imefaulu kuangamiza pepopunda ya akina mama na watoto wachanga kama tatizo la afya ya umma. Hayo ni mafanikio makubwa, lakini yalipitia njia yenye majeraha ambayo yangeweza kuepukwa. Maneno ya mwaka wa 2014 yangali yanarudiwa hadi leo, kila chanjo mpya inapoletwa.

Wala hatuko peke yetu. Huko Kano, kaskazini mwa Nigeria, chanjo ya polio ilisimamishwa kuanzia mwaka wa 2003 hadi Julai 2004 kwa hofu kama hiyo ya kuharibu uzazi. Virusi kutoka eneo hilo vilisambaa katika mataifa mengi, na mwaka wa 2005 vilikuwa vimefika hadi Yemen na Indonesia. Watu wa Kano nao walikuwa na kumbukumbu yao. Mwaka wa 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake ya Trovan kwa watoto wa huko, na familia zikaenda mahakamani zikisema hazikuelezwa kwamba ni majaribio. Mtu ambaye jirani yake alipitia hayo akiuliza maswali kuhusu dawa ya kigeni, utamwitaje mjinga?

Nguvu

Njia nyingine ambayo serikali zetu huipenda ni nguvu. Katika sehemu za Tharaka, Meru na Embu kuna waumini wa dhehebu la Kavonokia, jina linalotokana na neno la kuokoka. Hawaendi hospitalini na hawapeleki watoto kwa chanjo, wakitegemea maombi pekee. Zaidi ya mara moja machifu na polisi wametumwa kuwatafuta watoto wao ili wachanjwe kwa lazima.

Naelewa sababu. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya huduma ya afya, na mtoto hakuchagua dhehebu la babake. Polio ikiingia kijijini haiulizi nani ameokoka. Sitasema kwamba hakuna siku ambayo sheria itabidi itumike kuokoa maisha ya mtoto. Lakini wanaoitegemea nguvu kama dawa ya kila siku wanasahau hesabu moja rahisi. Mtoto wa Kenya hupaswa kupokea chanjo anapozaliwa, akiwa na majuma 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Hizo ni safari sita kwa uchache. Askari anaweza kumleta mtoto mara moja. Safari zile nyingine tano ni mama atakayemleta, na atamleta kwa hiari au hatamleta.

Historia ya Meru yenyewe ina funzo kuhusu jambo hili, ingawa halihusu chanjo. Mnamo Aprili 1956 baraza la Njuri Ncheke, likiungwa mkono na serikali ya mkoloni, lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana katika wilaya yote ya Meru. Nia ilikuwa njema kwa afya ya wasichana. Lakini katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400, wakiwemo wasichana wenyewe, walishtakiwa kwa kuvunja amri hiyo. Wasichana waliingia vichakani na kukatana wao kwa wao kwa nyembe. Waliitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe." Amri iliwafikia wote, lakini haikuwa imemshawishi yeyote miongoni mwao.

Miaka 40 baadaye, mwaka wa 1996, huko Gatunga katika Tharaka, akina mama walijaribu njia nyingine kwa msaada wa chama cha Maendeleo ya Wanawake na shirika la PATH. Wazazi walizungumziwa kwanza, wakakubali, na wasichana wakakaa ndani kwa juma moja wakifundishwa mambo ya utu uzima bila kukatwa. Waliuita utaratibu huo Ntanira na Mugambo, yaani kutahiri kwa maneno. Sidai kwamba ulimaliza ukeketaji mara moja. Haukumaliza. Ila familia zilizoacha desturi hiyo kwa njia hii ziliacha hadharani, na wimbo ukaimbwa. Hazikujificha vichakani.

Hata hivi majuzi tu tulirudia kosa lile lile la zamani. Mnamo Novemba 2021 Waziri wa Afya wa wakati huo, Bw Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba asiyechanjwa dhidi ya Covid-19 angenyimwa huduma za serikali. Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo kabla ya siku yenyewe kufika. Kilichobaki vijijini ni maneno haya: "Kama ilikuwa nzuri, mbona walitaka kutulazimisha?"

Maneno

Sasa muuguzi afanye nini mama anapomwuliza swali? Nitaeleza yale ambayo ningemwambia yule msichana niliyekuwa mimi.

La kwanza, mshukuru kwa kuuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na mama anayeuliza anakufanyia hisani: amekupa nafasi ambayo yule anayenyamaza na kutorudi hakukupa. Umwambie, "Mama, umefanya vyema kuuliza." Sentensi hiyo moja humwondolea aibu mbele ya wenzake.

La pili, uliza kabla ya kueleza. "Umesikia nini? Na ni lipi linalokutia hofu zaidi?" Wengi wetu hukimbilia hotuba ya vijidudu na kinga ya mwili, kumbe hofu ya mama ni kwamba mtoto wa dada yake alivimba paja na kulia usiku kucha. Utakuwa umejibu swali ambalo hakuuliza, na lake amebaki nalo.

La tatu, omba ruhusa, kisha useme jambo moja au mawili tu kwa lugha anayoielewa. "Ningependa kukueleza nijuavyo mimi kuhusu hilo, nikubaliwe?" Hakuna mama aliyewahi kunikatalia. Akiwa mzee wa kukuzidi, mwite kwa heshima ya umri wake. Akisema Kimbeere, Kiembu au Kiimenti, na wewe wakijua, kitumie. Hili si suala la adabu pekee. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa manufaa na hatari za huduma anayopewa, katika lugha anayoifahamu.

La nne, sema ukweli kuhusu madhara madogo. Chanjo ya kifua kikuu hutoa kidonda kidogo mkononi, chini ya kiwiko, baada ya majuma machache, kisha huacha kovu. Ile inayodungwa pajani inaweza kuleta uvimbe na homa ya siku moja au mbili. Ya ukambi yaweza kuleta homa na vipele vidogo baada ya juma moja au mawili. Mara chache sana mtoto hupata mzio mkali, nao huonekana upesi, ndiyo maana tunamwomba mama akae kidogo kabla ya kuondoka. Muuguzi anayesema "haina neno lolote" husadikiwa hadi usiku ule mtoto anapopata homa. Kuanzia hapo hasadikiwi tena, na mama atawaeleza majirani.

La tano, ukiwa hujui, sema hujui. "Hilo sina hakika nalo, nitamwuliza daktari, na ukija Jumanne nitakupa jibu." Kisha ulitafute kweli. Tusijidanganye kwamba sisi tulio na sare hatuna shaka. Wahudumu wa afya waliwekwa mbele katika foleni ya chanjo ya Covid-19 iliyofika nchini Machi 2021, na si sote tuliojitokeza siku ya kwanza. Anayekumbuka shaka yake mwenyewe hatamcheka mwenzake.

La sita, baada ya kusikiliza, toa ushauri wako waziwazi. Kusikiliza si kunyamaza. Mwambie, "Mimi wangu waliipata, na nakushauri wako apate leo." Akisema bado, usinune. "Sawa mama. Mlango huu uko wazi, na swali lolote ukiwa nalo uje nalo." Kisha mpime mtoto uzito kama kawaida, ili asiondoke akihisi amefukuzwa.

Haya si mambo ya kubuni. Mwanasaikolojia wa Marekani William R. Miller aliyaeleza kwa mara ya kwanza mwaka wa 1983 alipokuwa akiwasaidia watu waliolemewa na pombe. Aligundua kwamba mlevi akigombezwa huitetea pombe yake, lakini akiulizwa na kusikilizwa huanza kutaja mwenyewe sababu za kuiacha. Huko Quebec, nchini Canada, njia hiyo ilipelekwa kwa akina mama waliojifungua wakiwa bado wodini, na ikaonekana kwamba waliozungumziwa hivyo walizidi kukubali chanjo za watoto wao. Wazee wetu wanaoamua kesi chini ya mti hawatashangaa. Wao humwacha kila mtu amalize lake kabla ya kutoa neno.

Kanisa na nyumba

Ipo mitego miwili ambayo inahitaji uangalifu. Mmoja ni kumshindanisha mama na kanisa lake. Akisema, "Padri wetu alituonya," usimjibu kwamba padri hakusomea dawa. Utakuwa umemlazimisha achague, na hatakuchagua wewe. Mkumbushe badala yake jambo la kweli: hospitali za misheni ndizo zilizotangulia katika sehemu nyingi za huku, na nyingi zinachanja watoto hadi sasa. Chogoria ya Wapresbiteri, Maua ya Wamethodisti na Nkubu ya Wakatoliki ni majina ambayo kila nyumba ya huku inayajua. Swali la mama kwa kanisa lake anaweza kulipeleka hapo hapo, kwa watawa na madaktari wa imani yake.

Mtego wa pili ni kudhani kwamba mama ndiye mwamuzi wa pekee. Katika boma nyingi za Igembe na Mbeere, nyanya na baba wana neno. Mfano mzuri ni chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Kenya ilianza kuitoa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Baba mmoja aliniambia kwa ukali: "Mtoto wangu si malaya." Alidhani chanjo hiyo ni kibali. Nilimwomba anieleze kilichomuudhi, akanieleza. Kisha nikamwambia kwamba chanjo hii huzuia, haitibu, na ndiyo sababu hutolewa mapema, miaka mingi kabla ya msichana kuolewa, jinsi anavyotengeneza mfereji kabla ya mvua. Nikamweleza pia kwamba kwa makadirio ya mwaka wa 2020, saratani hiyo iliua wanawake zaidi ya 3,000 nchini Kenya katika mwaka huo mmoja. Alikaa kimya, halafu akasema shangazi yake alikufa kwa ugonjwa wa namna hiyo. Mimi sikuwa na habari hiyo, na hotuba yoyote nisingeipata.

Muda

Najua jibu la wenzangu walio kazini: "Nina akina mama 80 na niko peke yangu. Mazungumzo hayo nitayafanya saa ngapi?" Ni malalamiko ya kweli. Lakini nilipomfokea yule mama nilitumia nusu dakika, na nusu dakika hiyo iligharimu sikio la mtoto. Kumwuliza umesikia nini na kumjibu kungechukua dakika mbili au tatu. Zaidi ya hayo, wanaosubiri kwenye benchi husikia. Swali la mmoja likijibiwa vyema, kumi wamejibiwa.

Kadhalika kaunti zinaweza kusaidia bila gharama kubwa. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii kote nchini. Hawa ni majirani wanaoingia nyumba kwa nyumba. Wakifundishwa kuuliza na kusikiliza, si kuhesabu watoto wasiochanjwa tu, maswali mengi yatajibiwa jikoni kabla ya kufika kliniki. Na kila kampeni mpya ianze na baraza la maswali na majibu, viongozi wa dini wakiwemo, kabla sanduku la chanjo halijafunguliwa.

Mwisho, neno kwa wewe unayesoma gazeti hili mjini. Huenda wewe ndiye uliyesoma katika ukoo wenu. Dadako aliye Laare au Ishiara atakupigia simu jioni akuulize, "Hii chanjo wanayoleta shuleni ni ya kweli?" Usimcheke, na usimtumie ujumbe ambao wewe mwenyewe ulitumiwa na mtu usiyemjua. Mwulize amesikia nini. Mweleze unalolijua, na usilolijua mwelekeze kwa muuguzi wa karibu naye.

Nami namwombea amkute muuguzi huyo akiwa na subira kuliko niliyokuwa nayo mimi siku ile. Yule mtoto wa ndengu ni kijana mkubwa sasa. Nikipita sokoni hunisalimu kwa adabu, na kila mara hugeuza kichwa kidogo ili anisikie kwa sikio lile zima.